Mwanga wa Uani

Katika picha za Tingatinga hakuna kivuli. Chukua yoyote ya zamani: chui amesimama, ndege ametua, nyati anatazama mbele, na chini ya miguu yao huoni doa jeusi hata moja. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyehamia Dar es Salaam kutafuta riziki, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, kwa hiyo kazi yote tunayoijua kuwa ya mkono wake ni ya miaka michache tu. Wataalamu wameandika mengi kuhusu wanyama wake na rangi zake. Mimi, ambaye chakula changu kinatoka kwenye picha za harusi, kilichonishika ni kivuli kisichokuwepo.

Sidhani alikisahau. Simama Kariakoo mwezi wa Machi au wa Oktoba, saa sita na nusu mchana, jua limekaa utosini, kisha tazama chini. Kivuli chako kimejikusanya chini ya nyayo. Saa hiyo sisi wa kamera tunaikimbia. Macho ya watu yanageuka mashimo, pua inadondosha doa juu ya mdomo, kanzu nyeupe inaungua na uso wa aliyeivaa unapotea. Tingatinga hakuikimbia. Aliichora ilivyo, saa ambayo kila kitu kiko wazi, hakuna kilichojificha nyuma ya mwenzake, na huwezi kusema mwanga umetoka upande gani. Na kwa kuwa rangi ya baiskeli inang'aa, picha ikitundikwa ukutani inapokea mwanga wa chumba na kuurudisha. Mwanga haumo ndani ya picha. Uko juu ya ngozi yake.

Tangu nilipoliona hilo nimekuwa na swali moja ninaloliuliza kila mahali, mbele ya mchoro, nyumba, sinema, hata mbele ya redio: huyu mwenzangu mwanga ameuweka wapi? Watu wakizungumzia msukumo wa sanaa huufikiria kuwa kitu kinachomshukia msanii usiku, yeye akiwa amelala. Wangu haujawahi kunishukia. Huwa nakwenda kwenye fani ya mwingine, natazama alivyolitatua tatizo ambalo mimi limenishinda, narudi nalo nyumbani. Ukiuita wizi sitakataa.

Tatizo langu mimi ni turubai. Aliyewahi kualikwa harusi za Tanga au Muheza ananielewa. Turubai likiwa la bluu, wageni wote wanaonekana wagonjwa. Likiwa la kijani, wanaonekana wamekufa. Likiwa jekundu, bibi harusi aliyekaa asubuhi nzima kwenye kiti cha mpambaji anatoka kama aliyechemshwa. Rangi ya paa inashuka kwenye ngozi, na hakuna programu ya kuhariri picha itakayoiondoa yote, maana shavu la nje linapigwa na jua na shavu la ndani linapigwa na turubai; ukiliponya moja unaliharibu la pili. Lakini chini ya turubai jeupe, saa saba mchana, bibi wa miaka 80 na kitukuu chake wanatoka vizuri bila mimi kufanya lolote la maana. Kwa muda mrefu nilijua hivyo bila kujua kwa nini. Iliyonieleza ni nyumba.

Nilikuwa nimekwenda Lamu kupiga picha za milango kwa kazi ya kalenda, na siku ya mapumziko nikaingia nyumba moja ya zamani iliyofanywa makumbusho. Nje jua lilikuwa la saa nane, lile la kukunja uso. Unaanzia kwenye daka, penye mabaraza ya mawe kulia na kushoto, ambapo mgeni wa kawaida safari yake inaishia. Kisha njia inapinda, ili aliye mtaani asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Ukimaliza kona uko kiwandani, ua mdogo ulio wazi juu, kuta zake nyeupe kwa chokaa. Hapo tu ndipo nyumba inapopatia mwanga wake. Jua linapiga ukuta mmoja, ukuta unampa mwenzake, mwenzake anaupa sakafu, na unapofika chumbani umeshapita mikono mingi hata ukali wote umeisha.

Vyumba ni virefu na vyembamba. Sababu yake ni boriti. Miti ya mikoko inayobeba dari ina urefu wake, na upana wa chumba unaishia hapo, chini kidogo ya mita tatu. Mwenye nyumba akitaka nafasi zaidi hana namna ya kupanua. Ataongeza chumba kingine nyuma ya cha kwanza. Basi msana, yaani ukumbi mrefu, unafuata msana, na nyuma yake ndani, chumba cha wenye nyumba, na kila ukivuka mlango mwanga unapungua. Mtu wa leo angetoboa dirisha. Wale mafundi walifanya kinyume kabisa. Kule mwisho, penye giza kuliko pote, ndiko walikoweka kazi yao bora: ukuta mzima wa zidaka, safu juu ya safu ya vishubaka vya plasta ya chokaa iliyochongwa, ambamo zamani zilipangwa sahani na bakuli za kaure zilizovuka bahari kutoka China.

Nilisimama pale nikingoja macho yazoee. Kwanza niliona weupe tu, hauna umbo. Halafu kingo. Halafu kila kishubaka kikaanza kuwa na weusi wake, huku mzito, huku mwepesi, na ukuta ambao dakika chache nyuma ulikuwa bapa ukapata kina kama cha chumba cha pili. Mzee aliyekuwa akilinda nyumba alikuwa amekaa karibu na mlango. Nikamwamkia, nikamuuliza kwa nini zidaka hazikuwekwa mbele kwenye mwanga, watu wazione vizuri.

"Mwanangu," akasema, "huko mbele mwanga upo. Zikafanye nini?"

Wapo wanaosema zidaka zilikuwa za kuonyesha utajiri, wapo wanaosema zilikuwa kinga ya nyumba dhidi ya mabaya. Mabishano hayo nawaachia wenyewe. Ninachoweza kushuhudia kama mtu wa kamera ni kwamba ukuta ule unafanya kazi ambayo ukuta mtupu usingeiweza: unaukamata mwanga kidogo uliobaki na kuugawa vipande vipande, kila kipande na kivuli chake, mpaka kidogo kile kinatosha. Na pale kiwandani nikapata jibu la turubai langu. Jua linaanza kupiga kitu cheupe, kisha cheupe ndicho kinachotupiga sisi.

Baadaye nikaangalia filamu ya Satyajit Ray iitwayo Aparajito, ya mwaka 1956, nikakiona kiwanda cha Lamu kiko India. Familia maskini inaishi Banaras katika nyumba yenye ua katikati, na mwanga unashuka juu ya mama anayefua na kupika, laini, usiojulikana umeanzia wapi. Ningeapa kwamba walipiga kwenye nyumba ya kweli. Kumbe ua ule ulijengwa ndani ya studio, Kolkata, kwa sababu walihofia mvua za msimu zingewavurugia kazi. Mpiga picha wao aliitwa Subrata Mitra, kijana ambaye kabla ya filamu ya kwanza ya Ray hakuwahi kushika kamera ya sinema. Desturi ya studio ilikuwa kumwelekezea mwigizaji taa moja kwa moja. Mitra aliona kwamba katika ua halisi kinachowaangazia watu ni mbingu, na mbingu haitupi vivuli vikali. Akatandaza kitambaa cheupe juu ya ua wake wa bandia na kukielekezea kitambaa hicho taa zote. Mwanga ukapanda, ukarudi chini umetulia.

Siku hizi vijana wanaopiga video za harusi wanatembea na miavuli myeupe ya kurudishia mwanga, wameinunua mjini, na ukiwauliza habari za Mitra watakuuliza anachezea timu gani. Siwalaumu. Mimi mwenyewe siku iliyofuata nilichukua shuka jeupe kabatini, mke wangu akiuliza linakwenda wapi, nikalifunga kamba kwenye mwembe na nguzo ya uani. Jirani akapita akadhani kuna msiba. Nikamkalisha chini yake, nikampiga picha, na picha ile hadi leo iko sebuleni kwake.

Shuka lina heshima yake katika fani hii. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliwapiga wateja uani kwa mwanga wa mchana, na kitambaa cha kwanza alichokitundika nyuma yao kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida mteja alipigwa mara moja tu na hapo hapo ndiyo picha. Tazama wanawake wale wa Bamako, vitenge vyao vyenye maua juu ya shuka lenye maua, na bado uso ndio unaokuja mbele. Mimi hupiga mamia ya picha kwa harusi moja na lazima apatikane mama wa kulalamika kwamba hakuonekana.

Lakini nisije nikasema mwanga laini ndio kila kitu. Giza nalo lina kazi yake, na hilo nililiona kabla ya kujua kusoma. Tulikaa Ngamiani, Tanga, nyumba ya bati yenye madirisha ya mbao. Nikashikwa na homa, nikalazwa chumbani kwa bibi, dirisha limefungwa ili nisisumbuliwe na jua. Kwenye ubao wa dirisha kulikuwa na tundu la msumari. Nikiwa nimelala ubavu nikaona kwenye ukuta wa pili mtaa wetu umepita kichwa chini: baiskeli magurudumu juu, mwanamke na ndoo yake, mbuzi.

"Bibi, watu wanatembea juu ya dari."

Bibi akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu. "Homa imepanda," akasema, akaenda kutafuta maji.

Ukubwani ndipo nilipofahamu kwamba Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake Cairo miaka 1,000 iliyopita, alilichunguza jambo hilohilo kwa makini: mwanga ukipita kwenye tundu dogo kuingia chumba chenye giza. Katika kitabu chake kikubwa kuhusu kuona aliwapinga waliosema jicho hutoa miali yake na kwenda kuvigusa vitu. Alieleza kwamba vitu ndivyo vinavyotuletea mwanga, nasi tunaupokea. Kamera niliyonayo begani ni chumba kile cha bibi kilichofanywa kidogo. Na siku ile ya homa, bibi aliporudi na maji akafungua dirisha apate kuniona, mtaa wote ukafutika ukutani mara moja. Mwanga ulikuwa umeongezeka.

Kazi iliyonifunza nyuso haikuwa ya nyuso. Mchongaji mmoja wa Mwenge, Dar es Salaam, alitaka picha za vinyago vyake vya mpingo apate kuwatumia wanunuzi. Mpingo uliosuguliwa ni mweusi, na unang'aa. Ukiupiga taa kali kutoka mbele unapata nukta nyeupe inayoumiza macho, na kuizunguka nukta hiyo shimo jeusi lisilo na umbo. Ukiongeza taa, nukta inakua, shimo linabaki vilevile. Mwenyewe alinitazama nikizunguka na vifaa vyangu hadi akachoka. Akachukua kinyago, mama aliyejitwika mtungi, akaenda nacho mlangoni, akakigeuza polepole ubavu kwa ubavu na weupe wa nje. Mstari mrefu wa mwanga ukatembea kutoka bega hadi kiuno, ukapanda shavuni, ukazunguka mtungi.

"Mti huu haumulikwi, kaka," akasema. "Unaonyeshwa kitu cheupe, basi. Utakujibu wenyewe."

Sentensi ile ilinifaa kuliko vitabu nilivyonunua. Kitu cheusi chenye mng'ao kinarudisha kilicho mbele yake. Kiweke mbele ya taa ndogo, kitarudisha nukta. Kiweke kando ya ukuta mpana mweupe, au dirisha, au shuka, kitarudisha umbo lake lote. Ngozi zetu ni hivyohivyo. Uso mweusi hauhitaji mwanga mwingi wa kuuchoma kutoka mbele. Unahitaji mwanga mpana wa ubavuni, na kidogo kinatosha.

Nasema hivi kwa sababu wazazi wetu waliambiwa, na wakaamini, kwamba wao ndio hawatoki vizuri pichani. Historia ya filamu za rangi ina maelezo mengine. Kuanzia miaka ya 1950, kwa miongo kadhaa, maabara za kusafisha picha zilirekebisha mitambo kwa kufuata kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke mweupe, ambaye wafanyakazi walimwita Shirley. Shirley akitoka sawa, kazi ya siku nzima imetoka sawa. Na walioyafuatilia mambo hayo wanaeleza kwamba sauti zilizosikika, hata filamu ikaboreshwa kutofautisha rangi za kahawia, zilikuwa za wauza samani za mbao na watengeneza chokoleti. Meza ilipiganiwa kabla ya bibi yangu.

Mpaka leo wapo wanaoniambia, "Nitoe mweupe kidogo." Sibishani na anayenilipa. Namwomba asogee mlangoni, namgeuza shavu liutazame ukuta wa chokaa ulio upande wa pili wa kichochoro, nampiga, namwonyesha. Mara nyingi ombi lile haliletwi tena. Wapo pia wanaoitazama picha, wakaipenda, wakasema: sasa nitoe mweupe kidogo.

Kwa wazungu wenyewe nimeokota kwa kuchagua. Caravaggio ana picha yake ya mwaka 1600 hivi, katika kanisa la San Luigi dei Francesi mjini Rome, ya Mathayo mtoza ushuru akiitwa huku amekaa na wenzake kwenye meza ya fedha. Ukutani kuna dirisha kubwa. Mwanga hautoki hapo. Unatoka kulia, juu ya mkono wa Yesu, mahali ambapo sisi watazamaji hatupaoni, na dirisha limekaa tu limezibwa. Mchoraji wa kawaida angelitumia dirisha kwa kuwa lipo. Monet, kwa upande wake, mayungiyungi yake yananichosha, wanisamehe wapenzi wake. Ila kanisa la Rouen, ambalo mwaka 1892 na 1893 alilichora tena na tena kutoka vyumba vya kukodi vilivyolitazama, zaidi ya turubai 30, hilo nalipenda kwa sababu ya ukaidi wake. Jiwe moja, mlango mmoja, na mtu anangoja saa ibadilike.

Redio haina mwanga hata chembe. Walakini jioni nzuri kuliko zote nilizopata kuziona, nilizisikia katika michezo ya redio, sote tumekaa kwenye mkeka, betri zimeanikwa juani mchana ili ziweze kufika mwisho wa mchezo. Hakuna mwigizaji aliyesema "jioni imeingia." Ulisikia nyenje. Ulisikia sufuria ikiwekwa juu ya mafiga, mwanamke akimwita mtoto kwa sauti iliyochoka, adhana ikitoka mbali, kisha mlango. Na mwenye siri hakupaza sauti. Alisogea mbali kidogo na kipaza sauti, akawa yuko chumba cha ndani, na sisi tukainama kuelekea kwenye redio. Ile hatua moja ya kurudi nyuma ndiyo zidaka za Lamu. Mwandishi na fundi mitambo walijua kwamba msikilizaji akipewa nafasi atajaza mwenyewe.

Kutoka redioni nimejifunza kutafuta hewa ya mahali kabla ya kutafuta watu. Harusini, kabla ya kelele, napiga viatu vilivyorundikana mlangoni, sinia la pilau likivuka kichochoro chini ya kawa, mkono wa somo ukifunga kilemba. Vijana wangu huona nachezea muda. Lakini wateja wakija miaka mingi baadaye kutaka nakala, wengi wanaulizia hizo. Ile ya kukata keki kila mtu anayo kwenye simu.

Nimefika ninapotaka kufika, maana hadi sasa nimezungumzia vitu vinavyokaa kimya vikipigwa taa, na binadamu hakai hivyo.

Baba yangu alifanya kazi mashamba ya mkonge, na alikuwa na kaka yake aliyevuka kwenda Mombasa kutafuta kazi, asisikike tena. Tulikua tukijua kwamba jina hilo halitajwi nyumbani. Nilipokuwa mtu mzima, mwenye watoto wangu, nilitaka kuijua habari hiyo kabla haijaondoka na wenyewe. Nikaenda na kinasa sauti, nikakaa mbele yake, nikauliza: Baba, baba mkubwa alikwenda lini, kwa nini, na nani? Alijibu kila swali. "Zamani." "Kazi." "Peke yake." Kisha akaniuliza habari za mvua. Kumwelekezea mtu taa usoni ni sawa na kumuuliza mgeni ataondoka lini: ataitika, atatabasamu, na hutapata kilichomo moyoni mwake.

Sikuleta tena kinasa sauti. Siku nyingine nilikuwa uani kwake nikisafisha picha ya zamani ya studio, wao wawili vijana, wamesimama mbele ya pazia lililochorwa minazi na ngazi za jumba la kifahari, kila mmoja na mkono mfukoni. Fremu ilikuwa imeingia mchwa. Baba alikuwa nyuma yangu akichambua mchicha, na wala sikuwa namtazama. Nikauliza, kama mtu anayezungumza na fremu, "Koti hili la nani? Mbona mikono imezidi?"

"La mwenye studio," akasema. "Alikuwa nalo moja. Tulivaa kwa zamu. Yeye alitangulia, mimi nikamwambia usilitoe, kaa nalo, nitapiga hivihivi na shati." Akachambua majani kidogo. "Alilipenda koti lile. Alisema akipata kazi Mombasa atashona lake."

Akaendelea mpaka ikaadhiniwa alasiri. Alizungumza na picha, na mimi nilizungumza na picha, na yote tuliyoambiana yalipitia pale kwanza. Alitaja barua iliyofika moja. Alitaja deni la nauli, ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia, na aliyelilipa. Hakulia wala hakutaka kuliwazwa. Alipomaliza akaniambia mchwa watarudi nisipopaka mafuta ya taa.

Wazee wetu wa pwani walilijua hili kabla ya taa za studio. Mwanamke mwenye jambo zito na jirani yake hamfuati kwake kumweleza. Anavaa kanga yenye maneno yake, anapita. Mjomba anayetaka kumwonya kijana atasimulia kisa cha mtu wa Pangani ambaye pengine hakuwahi kuwepo. Nilipokuwa kijana niliona ni woga, au unafiki, na bado naona wakati mwingine ni hivyo. Kuna mambo yanayotaka kusemwa mchana kweupe, saa ya Tingatinga, bila kivuli, hasa pale mtu anapoonewa. Mtoto anayepigwa hasaidiwi na kisa cha mtu wa Pangani. Ila kwa huzuni, kwa aibu, kwa mapenzi ya watu wasiozoea kuyataja mapenzi, sijaona chombo kinachoshinda ukuta mweupe uliowekwa pembeni. Na mwanangu wa kike, ambaye sasa amefika umri wa kujibu "sawa tu" kwa kila swali, nimeacha kumkalisha sebuleni. Ananisaidia kuchagua picha za wateja kwenye kompyuta, sote tunatazama kioo, na ananiambia habari za shule huku akifuta waliofumba macho.

Jumamosi nina harusi Pangani, nyumba ya zamani yenye ua katikati, akidi saa nane mchana. Nimekwenda kuiona. Kuta zilishapakwa rangi ya mafuta ya kijani hadi kifuani, juu bado chokaa. Mwenye maturubai amebakiwa na la bluu tu, na nimemwomba abaki nalo. Nitafunga mashuka mawili kutoka ukuta hadi ukuta, nipate mbingu ndogo juu ya mkeka wa akidi. Shangazi wa bibi harusi alinipigia jana kuuliza kama taa zangu ni kubwa, maana mpiga picha wa harusi ya mwaka jana alikuja na taa nne. Nikamwambia, shangazi, nakuja na shuka. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama bei ni ileile.